Majani au baluni? Pikapu inayokaa kitako ikipakiwa

Ugomvi huu hauishi. Pikapu ikipakiwa inakaa kitako, pua juu, taa zinamulika matawi ya miti, sasa dawa ni kuongeza majani (vile vyuma bapa vinavyopangwa juu ya kimoja kingine) kwenye springi au kufunga zile baluni za hewa kati ya ekseli na chasisi? Watu wa majani ndio wengi na wana picha zao za kutisha, chasisi imepinda nyuma ya kebini kama ndizi, na maelezo ya picha ni neno moja tu, "baluni". Mimi sisemi picha ni za uongo. Nasema baluni imebebeshwa kesi ambayo nusu yake si yake.

Majani yana haki yake, tusidanganyane. Jani halivuji, halitoboki, halikuamshi asubuhi ulipime upepo, na uzito unaendelea kushukia pale pale mtengenezaji alipopanga, kwenye mashikio mawili ya springi, la mbele na la nyuma. Kama una tangi au maboksi ya vifaa yasiyoshuka mwaka mzima, funga majani na maisha yaendelee.

Ila pikapu ngapi zinaishi hivyo? Nyingi zinaenda na mzigo zinarudi tupu, na jani ulilofunga kwa ajili ya tani moja halina habari kwamba tani imeshashushwa. Niliwahi kuendesha moja iliyoongezwa majani mawili kila upande, ikiwa tupu, kwenye barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi kama bati. Kwenye kona nyuma ikawa inadunda, kila ikidunda inasogea nje kidogo, halafu tena, halafu tena, tairi hazikai chini muda wa kutosha kushika chochote, na mimi spidi 50 tu jamani. Fundi aliyefunga hakugusa shokapu kabisa, na hapa wengi wanakosea, shokapu haibebi mzigo, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza, kwa hiyo ukikaza springi ukaacha shokapu ile ile iliyochoka umeipa kazi isiyoiweza.

Gari ikiwa tupu, baluni inakaa na upepo wa PSI 5 hivi (usiiache sifuri, inajikunja na kujisugua mpaka inapasuka), ukipakia unaongeza, ukishusha unatoa, gari inarudi kuwa gari. Hilo tu lingetosha kunishawishi, lakini turudi kwenye chasisi maana ndiko kesi iliko.

Ni kweli baluni inabadilisha njia ya uzito. Springi ya majani inaugawa kwenye sehemu mbili zilizoachana zaidi ya mita, baluni inasukuma sehemu moja katikati yake, juu ya ekseli. Ukiijaza sana chasisi inakuwa kama ubao wa bembea, katikati imeinuliwa, mkia unaning'inia. (Pikapu zenye springi za koili nyuma, zile za waya uliozungushwa, hazina shida hii, baluni inakaa ndani ya koili na uzito unapita palepale.) Lakini ubao hauvunjiki kwa sababu umeegemezwa katikati, unavunjika kwa sababu kuna mtu mzito kakaa mwisho kabisa. Nani alimkalisha pale?

Piga hesabu. Kati ya ekseli na ekseli weka mita 3, ndiyo wastani wa pikapu. Weka kilo 300 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, mfano tela linalokandamiza, au jenereta uliyoiacha mlangoni ili kushusha iwe rahisi. Ekseli ya nyuma haibebi 300, inabeba 400, na zile 100 za ziada zimetoka mbele, kwenye tairi zinazokata kona na kufanya sehemu kubwa ya breki. Kilo 100! Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi kama unaendesha boti. Sasa sukuma mzigo ule ule mpaka juu ya ekseli, mbele hakupungui hata kilo. Hakuna jani wala baluni itakayokurudishia zile 100, vyote viwili vinainua mkia tu, uzito uko palepale. Na dabo kebini, zile zenye viti vya nyuma na milango minne, ndizo zinazoumia zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya bodi iko nyuma ya ekseli, na ukiangalia vizuri zile picha za ndizi, nyingi ni dabo kebini.

Kuna jambo lingine pande zote mbili hawalisemi. Pikapu nyingi, hasa za zamani zisizo na ugawaji wa breki wa kielektroniki, zina valvu yenye mkono mdogo uliofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Bodi likishuka valvu inaelewa kuna mzigo, inaruhusu breki za nyuma zikamate zaidi. Wewe umeinua bodi kwa jani au kwa hewa, valvu inadhani gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma wakati umebeba tani. Ukifunga chochote, mwambie fundi airekebishe, na akikuuliza valvu gani tafuta fundi mwingine.

Tairi sitazichambua sana, soma ile stika ya mlangoni, upepo wa mzigo si upepo wa gari tupu. Na uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda hauongezeki kwa kufunga chochote kati ya hivi, ekseli na beringi ni zile zile.

Mimi nimefunga baluni na shokapu mpya. Kabla ya kupakia napima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, nikishapakia napima tena, ikishuka sentimita 8 najaza mpaka zirudi 4, zilizobaki naziacha ili springi nazo zibebe sehemu yao. Juzi mzigo ulikuwa ule ule wa siku zote lakini hewa ikahitajika karibu mara mbili. Nikafungua turubai, kijana alikuwa kaanza kupanga kutokea nyuma. Tukashusha, tukasogeza mbele.