Milioni ya PDM: fedha zenyewe, na saa ya kuzilipa

Tangu Rais Museveni wa Uganda azindue Mpango wa Maendeleo ya Parishi (PDM) wilayani Kibuku, Februari 2022, ubishi juu ya mpango huo unaokopesha kaya maskini mtaji kupitia parishi, ngazi ya utawala yenye vijiji kadhaa, umekuwa uleule. Wanaoupinga wanasema ni fedha za kura, zitaliwa kama zilivyoliwa za mipango ya awali ya serikali, Entandikwa katika miaka ya 1990 na Bonna Bagaggawale baadaye. Wanaoutetea wanajibu kwamba safari hii fedha zimewapita wakubwa wa wilaya na kutua kwenye simu ya mkulima mwenyewe. Ukiwasikiliza vizuri, wote wanabishania jambo moja: je, maskini akishikishwa fedha atazitumia au atazichezea?

Swali hilo lilikwisha kujaribiwa hapahapa Uganda. Mwaka 2008 serikali iliwapa vijana wa kaskazini ruzuku kupitia vikundi vyao, wastani wa dola 382 kwa kila mmoja, wajifunze ufundi na kununua vifaa, bila msimamizi wa kuwafuata nyuma. Vikundi 535 vilivyofaa vilipigiwa kura ya bahati, 265 vikapata. Watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliporudi baada ya miaka 4, walikuta waliopata fedha wanaingiza kipato zaidi ya wenzao kwa asilimia 38. Hawakuzinywa. Lakini baada ya miaka 9 wale waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kipato. Kilichobaki kuwatofautisha ni mali na kazi za ufundi. Ruzuku iliwawahisha watu kufika mahali ambapo wengi wangefika polepole. Hilo si dogo, ila si muujiza unaotangazwa jukwaani.

Ubishi unaofaa zaidi, kwa hiyo, ni wa umbo la fedha. PDM ni mkopo: hadi shilingi milioni 1 kwa kaya, riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na marejesho yanaingia kwenye mfuko wa SACCO, chama cha akiba na mikopo cha parishi, ili wengine wakopeshwe. Utafiti mwingine wa Fiala, uliofanywa kwa wenye biashara ndogo nchini, ulikuta wanaume waliopewa mkopo pamoja na mafunzo biashara zao zilikua, ilhali waliopewa ruzuku hazikukua. Huenda deni liliwafanya waziweke fedha kwenye kazi. Kwa wanawake, si mkopo wala ruzuku iliyosaidia. Mpango unaotenga asilimia 30 ya fedha kwa wanawake haupaswi kulipita jambo hilo kimyakimya.

Sababu mojawapo ni nyumbani. Noti zikiingia ndani, kila mwenye shida anaziona, na mama ndiye asiyeweza kukataa. Emma Riley aliwafuatilia wanawake wapatao 3,000 waliokopa kwa BRAC Uganda, shirika la mikopo midogo. Wale ambao mkopo wao uliwekwa kwenye akaunti ya simu, badala ya kukabidhiwa taslimu, baada ya miezi 8 walikuwa na faida kubwa kwa asilimia 15 na mtaji mkubwa kwa asilimia 11. Kwa hiyo kutoa fedha za PDM kupitia WENDI, pochi ya simu ya benki iliyokuwa ikiitwa PostBank, sasa Pearl Bank, ni uamuzi mzuri kuliko hata watetezi wa mpango wanavyoutetea. Wao husifu uwazi tu. Unaharibika pale laini inapokuwa imesajiliwa kwa jina la mume, au namba ya siri inapokaa kwa karani aliyemsaidia mama kujiandikisha.

Wakosoaji wana haki zaidi kwenye hesabu ya mradi wenyewe. Chukua kuku wa mayai, ambao watu wengi hukimbilia. Kifaranga huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na kufikia hapo amekula kilo 7 hadi 8 za chakula. Kuku 100 ni kilo 700 kwa uchache. Hata ukipata chakula kwa shilingi 1,500 kwa kilo, hiyo ni 1,050,000, na bado hujanunua kifaranga, hujachanja dhidi ya magonjwa ya Newcastle na Gumboro, hujajenga banda. Mkopo unaishia njiani, yai la kwanza likiwa bado mbali. Mfugaji anaanza kuongeza pumba, protini inashuka, kuku wanachelewa kutaga, mwishowe wanauzwa nyama kwa bei ya hasara na jirani anasema, si tuliwaambia zitaliwa? Hazikuliwa na mtu, zililiwa na kuku. Kuku 40 wangekula kama 450,000 na kubakiza zaidi ya nusu ya mkopo. Hakuna anayetaka kusikia idadi hiyo, maana haina sura ya utajiri.

Kahawa ina kasoro nyingine. Ekari ya robusta, futi 10 kwa 10, inachukua miche kama 450, na mavuno ya kwanza huja mwaka wa 2 au wa 3. Mkulima asiyepanda maharagwe au matoke katikati ya mistari atalipa deni la kahawa kwa fedha za kitu kingine. Nguruwe ni wepesi, mimba siku 114 tu, lakini homa ya nguruwe ikiingia haina dawa, na deni halifi pamoja nao. Kama tarehe ya marejesho ingefuata mnyama au zao, nusu ya lawama dhidi ya wakopaji zingeisha.

Halafu kuna mgawanyo. Mpango ulianza na parishi 10,594, kila moja ikipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, jumla zaidi ya trilioni 1. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, yaani wastani wa watu 4,300 kwa parishi, kaya karibu 1,000. Milioni 100 zinatosha kaya 100. Mpango unalenga asilimia 39 ya kaya zote, zile zinazolima kwa ajili ya tumbo tu, kwa hiyo foleni ni ya miaka karibu 4 katika parishi ya wastani.

Parishi ya wastani, lakini, haipo. Takwimu za kaya za 2023/24 zinaonyesha umaskini wa kitaifa asilimia 16.1, na eneo la Karamoja 74.2. Kuzipa parishi maskini na zenye nafuu kiasi kilekile ni usawa wa karatasi. Hata hivyo usawa huo una kinga yake: kila mwanakijiji anajua ni milioni 100, na anaweza kumuuliza mwenyekiti wa SACCO zimekwenda wapi. Ukileta fomula ya umaskini, ni wachache watakaoweza kuikagua, na wanaojua kuipinda watakuwepo. Mimi ningeacha milioni 100 kama sakafu kwa kila parishi, kisha nyongeza kwa idadi ya kaya ambazo sensa imekwisha kuzihesabu, namba moja inayobandikwa ukutani. Kugawa kwa parishi peke yake kunamvutia mwanasiasa akate parishi moja iwe mbili.

Barabara, ghala na soko viko kwenye nguzo nyingine za mpango huohuo, ambao una nguzo 7. Zinazozungumzwa kijijini ni fedha za nguzo ya 3 tu, na mkulima wa maharagwe aliyekopeshwa milioni bado anauza shambani msimu wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kwa sababu hana pa kuyahifadhi hata wiki 6.