Karoti Hizi Si za Pilau

Nyumbani kwangu mdudu akionekana kwenye unga huwa ni kesi. Mama Hamisi anaufunga ule unga na mfuko wake, ananikabidhi, na mimi ndiye ninayetembea nao mpaka dukani kudai hela yetu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Sasa mimi huyuhuyu nimetoa elfu 20 taslimu nikanunua wadudu wa unga. Halafu nikanunua na kiroba cha pumba za ngano ili wasife njaa.

Chanzo ni dagaa. Nina kuku chotara 9 hapa Chamazi, na chakula chao kila nikienda dukani kimepanda. Dagaa wa kuku ndio usiseme. Wameanikwa mchangani huko ziwani, wakazolewa na mchanga wao, nami nauziwa dagaa pamoja na ufukwe. Siku moja kijana mmoja kaja kupunguza suruali pale ninaposhonea, Rangi Tatu, akaniambia, "Fundi, fuga funza wa unga. Ukimkausha, nusu ya uzito wake ni protini. Hanuki, hapigi kelele, haruki, beseni la plastiki hawezi kulipanda." Nikajiambia, huyu si mdudu, huyu ni mpangaji anayetafutwa na kila mwenye nyumba wa Dar.

Kitu alichoninyima yule kijana ni habari ya karoti. Funza hawa hawawekewi maji. Ukiwatilia kwenye kikopo wanazama, ukinyunyiza kwenye pumba zinavunda na kuota ukungu. Maji yao wanayapata kwenye karoti, au kiazi kilichokatwakatwa. Basi kila baada ya siku mbili nikishuka kwenye daladala napitia genge la mama mmoja pale kituoni. "Fundi, leo pilau tena?" Naitikia, ndiyo mama, pilau. Yule mama anaamini nyumba yangu ni ya sherehe. Nikifika, jikoni kuna mlenda na ugali, na Hamisi wa darasa la 3 anaitazama karoti inavyopita mbele ya macho yake kwenda kwa wenyewe.

Na joto je? Wanapenda nyuzi 25 hadi 28. Waeleze hivyo mabati yangu mwezi wa kwanza! Feni tunayo moja. Nikaigeuza kidogo ielekee kule kwenye beseni, Mama Hamisi akairudisha. Nikaigeuza. Akairudisha. Saa 8 usiku akakaa kitandani akasema, "Baba Hamisi, chagua." Nikawahamishia chumba cha watoto, chini ya kitanda, sakafuni kwenye ubaridi, na giza wanalipenda. Sisimizi walipoanza msafara ikabidi beseni lipande juu ya kigoda kidogo, na kila mguu wa kigoda uwe ndani ya kikopo cha maji. Mama Hamisi akachungulia, akasema hata mahari yake haikulindwa hivyo.

Ila nisiwe mnafiki, nilikuwa nawatazama sana. Funza anakua, ngozi inambana, anaivua, anabaki mweupe kama punje ya wali, kisha anarudi rangi yake ya manjano. Akishafika sentimita 2 na nusu hivi, siku moja anajikunja na kunyamaza. Hapo vitabuni anaitwa pupa. Hebu ona Kiswahili kilivyo na utani: huyu pupa hana mdomo wa kula wala mpango wa kula, analala tu wiki moja, mbili, ukimgusa anatikisa mkia. Akiamka ni mdudu mwenye mabawa asiyeruka. Anatoka mweupe kama kapaka mkorogo, siku mbili tatu kawa kahawia, wiki haijaisha ni mweusi tii. Mkorogo umekwisha.

Huyo mweusi ndiye mzazi. Jike mmoja anataga mayai mamia, na akisikia njaa anayala. Mayai yake mwenyewe! Na pupa wakiwa jirani anawatafuna pia. Kwa hiyo baada ya kushona mchana kutwa, usiku nakaa na tochi ya simu na kijiko cha chai, naokota pupa mmojammoja nawaweka kwenye sahani yao. Kijiko kile mpaka leo kinanyooshewa kidole. Chekeche ya unga nayo niliichukua kuchekechea kinyesi chao, ambacho ni kama mchanga laini. Hilo tusiliongelee, lilishafika kwa mashemeji.

Hamisi akaniletea simu: "Baba, huku wameandika Ulaya mwaka 2021 wameruhusu watu wale hawahawa, waliokaushwa." Mama yake akasema kutoka jikoni, bila kugeuka, "Thubutu."

Miezi 4 ikapita namna hiyo. Beseni likajaa, ukiweka karoti pumba zote zinachemka. Nikapanga Jumapili niwachekeche, wakubwa waende kwa kuku, wadogo wabaki. Alhamisi mama mkwe akaingia kutoka Handeni.

Mgeni analala wapi? Chumba cha watoto. Kitanda kipi? Kilekile.

Mnielewe hapa. Chumba alicholala mama mkwe mimi siingii. Hata nyumba iungue, nitasimama mlangoni niseme hodi. Kwa hiyo wanangu wako mle ndani na mimi niko nje na karoti mkononi. Nikamtuma Hamisi: nenda taratibu, sukuma chini ya kitanda, bibi asikuone. Bibi akamwona. Akamwona mjukuu wake, usiku, anatambaa na kipande cha karoti kukipeleka gizani, na anayepelekewa hatajwi. Mama wa watu hakuuliza. Akazima taa, akatega sikio. Funza wakiwa wengi kwenye pumba wanatoa sauti, chakachaka, chakachaka, kama mvua inayokuja kwa mbali. Tulimsikia kupitia ukutani akisoma dua mpaka alfajiri. Mama Hamisi alinipiga kiwiko nikamweleze. Nikamwelezeje mama mkwe, saa 9 usiku, nikiwa na msuli?

Asubuhi natoka kupiga mswaki, namkuta uani, khanga kiunoni, beseni langu miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Kumbe ni funza wa kuku! Si ungesema? Sisi kule tunachimba mchwa, tunawapa vifaranga, na hatununui karoti."

Na hapo alikuwa anamalizia. Kachekecha kwa ungo, asubuhi ile, haraka, kwa mkono wa mtu aliyepepeta mahindi miaka 50. Funza, wazazi weusi, pupa wa kwenye sahani, wote kawamwaga. Kuku 9 waliwala pupa kwa pupa. Miezi 4 yangu, feni yangu, ndoa yangu, vilikwisha kabla sijasukutua mdomo. Jogoo alikuja mpaka kwenye ndala zangu kuuliza kama kuna mwingine.

"Wanawapenda kweli," mama mkwe akasema.

Nikasema, "Ahsante mama."

Ungesema nini wewe?

Akanikabidhi beseni. "Pumba zako hizi, sijamwaga. Hela haziokotwi."

Alikaa wiki 2, kuku wanamfuata mpaka chooni. Siku ya kumsindikiza Mbezi kupanda basi nilirudi nikalivuta lile beseni, nizitoe zile pumba niwape kuku, yaishe. Nikawasha tochi. Pumba zilikuwa zinatikisika. Nikainama. Vijifunza vyembamba kama nyuzi za cherehani, vingi, havihesabiki. Mayai alikuwa kayaacha humohumo.

Hamisi kasimama mlangoni. Hakusema kitu, alinyoosha mkono tu kuomba hela.

Nilikwenda mwenyewe. Yule mama wa genge akaniona kwa mbali, akaanza kuchambua zilizonyooka.

"Ulipotea fundi! Pilau?"

"Pilau," nikasema. "Ila nipe zile zilizovunjika."