Ufadhili wa kuhakiki habari: Zanzibar tunakosa ujuzi au tunakosa nyaraka?

Msimu wa maombi ukifika, tangazo huzunguka kwenye magrupu ya waandishi wa Unguja na Pemba: miezi kadhaa ya mafunzo ya kuhakiki habari, posho juu yake, wanahabari na wasomi wote wanakaribishwa. Mtindo huu umeshakomaa kwengine. Dubawa, dawati la kuhakiki habari la Nigeria, ina ufadhili wenye jina la Kwame Karikari, mwanahabari na mhadhiri wa Ghana, kwa ajili ya Afrika Magharibi. Africa Check ilianza 2012. PesaCheck ilianza Kenya 2016 na huandika pia kwa Kiswahili. Suala letu visiwani ni kama nguo hii iliyoshonwa kwengine itatukaa.

Wanaoutetea ufadhili wana hoja nzito. Uzushi mwingi unaotufikia hukamatika kirahisi. Chombo kikipata hitilafu baharini, haipiti saa utaletewa picha ya meli imelala ubavu, watu wanaelea, kumbe picha ni ya miaka mingi nyuma na nchi nyengine kabisa. Aliyefundishwa huipandisha Google akaona ilianza kutumika lini na wapi, kazi ya dakika chache. Asiyefundishwa huirusha kwenye grupu jengine, na mara nyengine huyo ni mwandishi mwenye kitambulisho.

Hoja yao ya pili naiona kubwa kuliko hiyo: ufadhili hununua muda. Mwandishi anayelipwa kwa stori hawezi kukaa wiki nzima na dai moja, kwa sababu wiki hiyo nyumbani hakuliki.

Ila uzushi unaotuumiza zaidi hautoki nje. Chukua MV Spice Islander, iliyozama mkondo wa Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Mitaani watu walikuwa wakihesabu jamaa zao wasiorudi, na hesabu yao ikawa kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake Januari 2012, ilisema waliopanda walikuwa zaidi ya 2,400, kwenye meli iliyoruhusiwa kubeba 620, na kwamba watu 1,370 hawakuonekana. Sasa mfikirie mhakiki wa wiki ile ya kwanza, amehitimu vizuri, anafuata kanuni zote. Angepiga simu, angepewa idadi rasmi, na hesabu ya mtaani angeipiga muhuri wa “si kweli”. Hakuna kozi ya kompyuta inayoziba pengo la orodha ya abiria ambayo haikuandikwa.

Hapo ndipo wanaotilia shaka wanaponipata. Uhakiki unataka nyaraka, na nyaraka zinataka sheria. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inahusu Tanzania Bara, haivuki bahari. Huku, sheria ambayo vyama vya wanahabari vimepiga kelele miaka ibadilishwe ni Na. 5 ya 1988, ya usajili wa mawakala wa habari, magazeti na vitabu. Jina lake tu linakwambia ilitungwa kusajili. Mwandishi wa Chake Chake anayetaka takwimu ya hospitali moja huambiwa aandike barua, barua iende Unguja, na jibu likija uzushi umeshazeeka. Na cheti cha ufadhili si kinga: JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni lenye dawati lake la uhakiki la JamiiCheck, ilisimamishiwa leseni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa siku 90 Septemba 2025.

Wafadhili nao hawatabiriki. Januari 2025 Meta, wenye Facebook na WhatsApp, ilitangaza kuacha kuwatumia wahakiki wa nje huko Marekani, na mwaka huo huo fedha za misaada za Marekani zikakatwa. Anayejenga dawati lote juu ya fungu moja ajue hilo.

Halafu kuna suala la sauti. Uzushi wa Pemba ni sauti ya mama mmoja kwenye WhatsApp, anasema kwa lafudhi ya Konde kuwa chanjo ya skuli inafunga uzazi, na anaapa. Majibu yake huja ni picha yenye maandishi madogo na neno UONGO kwa rangi nyekundu. Nani ataamini picha akamwacha mama anayeapa? (Popobawa, ule uvumi wa jini wa 1995, ilitoka Pemba ikafika mjini bila ya WhatsApp, kwa hiyo tusiisingizie simu peke yake.)

Kwa maoni yangu ufadhili uchukuliwe, ila upewe watu wawili wawili: mtangazaji wa redio jamii na mtafiti wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar. Mtafiti anajua njia ya vibali na anajua takwimu iliyopikwa inavyonuka. Mtangazaji ana sikio la kijiji, na jibu lake linatoka kwa sauti, kwa lafudhi ile ile.

Tatizo ni fomu. Nyingi huomba viungo vya kazi zilizochapishwa mtandaoni na barua ya Kiingereza. Mtangazaji wa Micheweni au Mkoani, ambaye kazi yake yote imepita hewani, anaishia ukurasa wa kwanza, na nafasi inakwenda kwa yule yule wa mjini mwenye blogu, anayeusikia uzushi wa Konde siku tatu baadaye. Kupokea faili la sauti na maombi ya Kiswahili hakuhitaji kusubiri sheria wala Baraza la Wawakilishi.