Fuvu halina ngozi: nani alimpa sura mtu wa kale?

Aliyesoma historia Tanzania au Kenya anaikumbuka ile picha. Kushoto kabisa kuna sokwe aliyeegemea mikono yake, mbele yake mwenzake aliyeinama, kisha mwingine aliyeinama kidogo, hadi mwisho wa mstari anapotokea mtu aliyenyooka kama askari wa gwaride. Nilikariri majina yaliyoandikwa chini yao kwa ajili ya mtihani. Sikuwahi kujiuliza mchoraji alijuaje kwamba yule wa tatu alikuwa na ndevu.

Swali hilo linawagawa wataalamu. Wapo wanaoona michoro na sanamu za zamadamu (viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu) ni njia halali ya kueleza ushahidi, na wapo wanaosema tunauziwa ubunifu wa msanii kwa bei ya sayansi.

Wa kwanza wana hoja nzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mfupa haukai kimya. Msuli unapojishika kwenye mfupa huacha alama, na ukubwa wa alama hueleza nguvu ya msuli. Fuvu la Zinjanthropus, zamadamu ambaye mtafiti Mary Leakey alimwona huko Olduvai, Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, lina ukingo wa mfupa uliosimama katikati ya utosi. Hapo ndipo ilipojishika misuli ya taya iliyosaga vyakula vigumu kwa magego makubwa kupita kiasi. Kwa hiyo ule uso mpana wenye mashavu yaliyochomoza hakuutunga mtu. Vivyo hivyo kijana wa Turkana, zamadamu wa Kenya ambaye mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu lake mwaka 1984 karibu na Nariokotome: mifupa yake ina umri wa takriban miaka milioni 1.5, na inaonyesha mwili mrefu mwembamba na miguu mirefu, umbo linalopoza joto upesi. Ukimchora mfupi mnene umekosea, na mifupa itakusuta.

Tatizo linaanza pale mifupa inapokoma. Pua laini, midomo, masikio, nywele, rangi ya ngozi, namna ya kutazama: vyote huoza. Na vitu hivyo ndivyo macho yetu huvitafuta kwanza ili kuamua kama huyu ni "mtu" au "mnyama".

Kisa kinachonishawishi zaidi si cha Afrika. Mwaka 1908 huko La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa, ulifukuliwa mfupa baada ya mfupa wa Neanderthal mmoja, yaani mtu wa kale wa Ulaya na Asia. Mwaka 1909 gazeti la Kifaransa likamchora akiwa dubwana lenye manyoya, limejikunja, limeshika rungu. Miaka miwili tu baadaye Arthur Keith, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Uingereza, akatoa maelekezo ya mchoro mwingine, na mara hii mtu yuleyule ameketi kando ya moto, ana mkufu shingoni, anashughulika na kazi yake kwa utulivu. Mifupa haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni alichokuwa nacho mchoraji kichwani kuhusu watu wasiofanana naye. Baadaye ilibainika kuwa marehemu alikuwa na maradhi makali ya viungo, na waliompa ule mwendo wa kujikunja walikuwa wamemsoma vibaya.

Atakayesema hayo ni ya zamani, atazame mwaka 2021. Ryan Campbell wa Chuo Kikuu cha Adelaide na wenzake walitengeneza sura mbili za mtoto wa Taung, yule ambaye fuvu lake lilipatikana Afrika Kusini mwaka 1924. Moja waliipa rangi ya bonobo (jamii ya sokwe wa Kongo), nyingine rangi iliyo karibu na ya watu wa Afrika Kusini. Fuvu ni moja, lakini ukizitazama unaona viumbe wawili.

Kuhusu rangi, mitandaoni kuna ubishi usiokwisha: mtu wa kwanza alikuwa mweusi, hakuwa mweusi. Hapa vinasaba vinasaidia kuliko mifupa. Sokwe chini ya manyoya ana ngozi nyeupe, kwa hiyo ngozi nyeusi inaelekea ilikuja baada ya manyoya kupungua, kama kinga ya jua. Utafiti wa mwaka 2004 ulikadiria kuwa ilikuwapo angalau miaka milioni 1.2 iliyopita. Lakini mwaka 2017 timu ya mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff, iliyopima watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ilikuta baadhi ya vinasaba vya ngozi nyeupe navyo ni vya kale kuliko Homo sapiens, yaani binadamu wa leo, mwenyewe. Anayesema mweusi yuko karibu zaidi na ukweli. Anayesema wote walikuwa na weusi mmoja, huyo simfuati.

Na manyoya yalipungua lini? Shahidi mmoja ni chawa (wa kweli, si wale wa wanasiasa). Chawa wa sehemu zetu za siri ana undugu na chawa wa sokwe mkubwa, gorila, na vinasaba vyao vinaonyesha walitengana takriban miaka milioni 3.3 iliyopita. Wapo wanaohisi kwamba wakati huo nywele za kichwani na za chini zilikwisha kutenganishwa na ngozi tupu. Ni hoja nzuri, ila ni ya kuzunguka. Mimi nisingemchonga mtu sanamu kwa ushahidi wa chawa peke yake.

Kwa maoni yangu picha zibaki, maana bila picha mtoto wa darasa la tano hataelewa chochote. Ila zichorwe mbili kwa kila fuvu, na mstari uonyeshe mfupa unakoishia. Na ile safu ya waliojikunja iondolewe, kwani nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zimeshaijibu. Miaka milioni 3.66 iliyopita watembezi wa pale walikwenda wima juu ya majivu ya volkano, wakati ubongo wa zamadamu ulikuwa kama theluthi ya wetu. Kusimama kulitangulia akili nyingi.

Hata Laetoli haikusalimika na wachoraji. Katika jumba la makumbusho la historia ya asili New York, wawili kati ya wale watembezi walitengenezwa kama bwana aliyemkumbatia mkewe. Nyayo hazisemi habari za ndoa. Kisha mwanaakiolojia Mtanzania Fidelis Masao na wenzake, mwaka 2016, wakatangaza nyayo mpya za mtembezi aliyekadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, mkubwa kuliko wote waliojulikana pale, na ile familia ya watu wawili ikayumba.

Kuna mwingine pia. Nyayo zake tano zilionekana mwaka 1976, zikadhaniwa za dubu, hadi zilipofukuliwa upya mwaka 2019. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalisema ni zamadamu, pengine wa aina nyingine kabisa. Hana fuvu wala jino. Ana kisigino kipana, na hatua moja aliyoipitisha mbele ya mguu wa pili, kama mtu aliyeteleza akajizuia asianguke.