Dakika tatu za kunyamaza

Mwezeshaji wa semina ya stadi za maisha alitupanga wawili wawili, akatoa sharti: mmoja aeleze kwa dakika tatu jambo linalomsumbua, mwenzake asikilize tu. Asijibu, asishauri, hata "pole" asitamke. Mimi niliangukia kwa mama muuza vitumbua wa mtaa wa pili. Akaanza habari za kijana wake, amemaliza kidato cha nne mwaka juzi, siku hizi anarudi usiku wa manane na hasemi alikokuwa. Dakika moja haijatimia nikamkatiza: "Mpeleke akajifunze ufundi, mama." Akanitazama, akasema, "Haya, Baba Zawadi," akanyamaza mpaka muda ukaisha.

Nina watoto watatu na nimesuluhisha ndoa za watu. Kumbe kusikiliza sijui.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaobeza semina za stadi za maisha kwamba ni maneno ya kizungu ya kulia posho. Zoezi lile lilinipata. Ninacholalamikia ni mpangilio wake. Ilikuwa siku mbili katika ukumbi wa ofisi ya kata, na ukutani karatasi yenye stadi kumi, zile ambazo Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihubiri tangu miaka ya 1990: kujitambua, kutatua matatizo, kukabili hisia na wenzake. Siku ya pili, kuanzia saa nane, swali kubwa ukumbini lilikuwa bahasha ya nauli inatoka saa ngapi. Siwalaumu. Mtu aliyefunga genge siku mbili ana haki ya kuuliza. Ila tulisaini, tukatawanyika, na hakuna aliyerudi kutuuliza kama hasira zimepungua.

Hasira haziishi kwa siku mbili.

Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, walilitazama jambo hili kwa namna nyingine. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amesimulia hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ilikosa dola 15 za nauli ya basi kumrudisha kwa daktari. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare ambako mwaka mmoja kabla serikali ilikuwa imebomoa makazi ya watu, alianza huduma ya kuwasikiliza waliolemewa, na bibi 14 wazee aliowafundisha na mabenchi ya mbao nje ya kliniki. Bibi hao wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. (Sisi masikio yetu yanasikia "kufunga", na kweli mawazo hufunga.) Unakaa na bibi mara sita, mnachagua tatizo moja, unarudi kumweleza ulichojaribu. Baadaye wenye shida zinazofanana hukutana kikundi, wanazungumza huku wakisuka mikoba kwa plastiki zilizotumika. Utafiti uliochapishwa 2016, wa watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia kwa bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sasa niambie, sisi tunakosa nini? VICOBA, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vinakutana kila wiki, watu wanajuana kwa majina ya watoto wao, wanajua nani hajarejesha na kwa nini. Nusu saa kabla ya kufungua sanduku la hisa ingetosha kwa zoezi moja tu, na wiki inayofuata mtu akaulizwa lilivyokwenda. Mwezeshaji aje afundishe wawili watatu wa hapohapo, halafu aondoke. Wanawake wana hata pa kuanzia: somo na kungwi wapo, ingawa kitchen pati za siku hizi zimebaki sare na vyombo. Sisi wanaume tuna kijiwe, na kijiweni ukisema umelemewa unaambiwa "kaza". Hapo ndipo ningeanzia kazi, kwa kweli.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule mama alfajiri, akanisogezea kigoda. Akawa anageuza vitumbua kwa kijiti huku akieleza kwamba kijana amelala nje siku mbili. Ushauri ulinijaa mdomoni. Nikachukua kitumbua kilichotoka motoni saa hiyohiyo, nikakiuma, kikaniunguza ulimi. Yeye akaendelea kueleza.