E-kadherini: inaizuia saratani ya tumbo au inaisindikiza?

Mwaka 1998 watafiti wakiongozwa na Parry Guilford walieleza chanzo cha msiba ulioiandama familia moja kubwa ya Wamaori huko Nyuzilandi, iliyokuwa ikizika watu wake, wengine wakiwa bado vijana, kwa saratani ya tumbo. Walikuwa wamerithi kasoro katika jeni ya CDH1, inayotengeneza protini iitwayo E-kadherini. Tangu hapo protini hiyo imechukuliwa kuwa mlinzi: ikiwepo saratani hutulia, ikikosekana husambaa. Mimi naikubali nusu tu ya kauli hiyo.

Nusu ninayoikubali ina ushahidi mzito. E-kadherini huchomoza nje ya seli na, kwa msaada wa kalsiamu, hushikana na nyingine kama hiyo kutoka seli ya jirani. Ikitoweka, seli huachana. Tazama kwa hadubini saratani ya tumbo ya aina ya kutawanyika: huoni uvimbe wenye umbo, unaona seli moja moja zimejipenyeza ukutani, kila moja imejaa ute hadi kiini chake kimesukumwa pembeni, mfano wa pete na kito chake. Juu yake utando waweza kuonekana mzima kabisa, ndiyo maana kamera iliyopitishwa kooni huweza kutoka bila kuona kitu. Hata bakteria Helicobacter pylori hutoa kimeng'enya kinachoikata protini hii ili apate upenyo kati ya seli.

Lakini kujinasua si kufika. Seli iliyotengana na wenzake hukabiliwa na kifo njiani. Mwaka 2019 timu ya Andrew Ewald, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, ilionyesha kwamba seli za saratani ya matiti zilizoondolewa E-kadherini zilivamia jirani kwa wepesi zaidi, ila nyingi zilikufa, na vivimbe vya mbali vikapungua. Hayo ni matiti, si tumbo, na tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, tumboni kwenyewe kuna aina nyingine ya saratani, inayojenga maumbo ya tezi, ambayo mara nyingi hubaki na E-kadherini yake na bado hufika kwenye ini. Ile ya kutawanyika hupendelea zaidi utando unaozunguka viungo vya tumbo. Kwa hiyo naona protini hii huamua njia ya kupita, zaidi ya kuamua kama safari itakuwepo.

Jambo hili lina uzito kwa waliorithi kasoro hiyo. Wengi wamekuwa wakishauriwa kutolewa tumbo zima wakiwa na miaka 20 hadi 30, kisha kula kidogo kidogo na kutumia vitamini B12 maisha yao yote. Ni ushauri mgumu kumpa kijana asiye na maumivu yoyote. Makadirio ya mwaka 2015 yaliweka hatari ya kupata saratani ya tumbo kwa wanaume wenye kasoro hiyo kuwa asilimia 70 hadi umri wa miaka 80. Yale ya 2019 yakaishusha hadi takriban 42. Palipo na historia nzito ya saratani katika ukoo, bado nauona upasuaji kuwa sahihi. Kwingineko, uchunguzi wa mara kwa mara unastahili kujadiliwa kwa dhati, kwa sababu matumbo mengi yaliyotolewa kwa kinga hukutwa na vijichembe vya saratani ambavyo E-kadherini yake imepungua au haipo, na bado vilikuwa vimekaa pale pale vilipoanzia.