Kijino cha kando ya mpasuko: king'olewe au kiachwe?

Binti wa jirani yangu hapa Wete, Pemba, ana miaka 9. Alizaliwa na mdomo sungura, yaani mpasuko wa mdomo hadi kaakaa. Mdomo ukashonwa akiwa mchanga, kaakaa baadaye, na kovu leo ni mstari mwembamba tu chini ya pua. Akicheka ndipo unapokiona kijino kama punje ya mchele, kimejipinda kando ya mpasuko. Mama yake anataka king'olewe. Bibi kakataa: "Jino la Mungu hilo, muacheni mtoto."

Nawaelewa wote. Mama ndiye anayekisugua. Haluwa inaganda pale, mswaki haufiki, na meno ya karibu na mpasuko mara nyingi huota na ganda dhaifu, yakatangulia kuoza. Siku ya kupandikiza mfupa wa kuziba mpasuko wa ufizi, jino bovu hapo linaweza kuharibu kazi nzima.

Bibi naye yuko karibu na ukweli, ingawa sababu yake ni nyengine. Mpasuko ukipita kwenye ufizi huacha pengo katika mfupa wa taya, na ule mchache wa pembeni unashikiliwa na jino. Ling'oe, nao hunywea. Pengo lenyewe huzibwa kwa mfupa unaochotwa nyongani, kwa kawaida kati ya miaka 8 na 11, kabla chonge haijatoka, ili ishukie ndani ya mfupa mpya.

Na hapa cheti cha kuzaliwa hudanganya. Watoto hawa meno yao ya kudumu mara nyingi huchelewa, zaidi upande wa mpasuko. Mwengine jino la pembeni, lile la kabla ya chonge, hana kabisa, mwengine anayo mawili. Wa miaka 10 anaweza kuwa na chonge ya mtoto wa 9. Eksirei ndiyo itakayosema: mzizi wa chonge ukifika nusu hadi theluthi mbili ya urefu wake, wakati umewadia.

Mimi niko na bibi, kwa sharti: kijino kikae mpaka atakayepandikiza mfupa aione picha. Akisema ni cha ziada, au kimeoza hakifai, king'olewe wiki kadhaa kabla, ufizi uwahi kupona. Sharti hili kwa mtu wa Pemba lina nauli ya boti hadi Unguja, siku za skuli zinazopotea, na mama kufunga biashara yake. Kung'oa ni asubuhi moja tu, ndiyo maana kunavutia.

Mama amekubali kusubiri picha. Haluwa ameifungia kabatini.